Kutoka Neno hadi Picha: Riwaya ya Roald Dahl na Filamu Zake



Utotoni mwangu Nkowe, wilayani Ruangwa, tulisimuliwa ngano kwa Kimwera. Msimulizi alipotaja zimwi, kila mtoto alijiumbia lake, wala hakuna aliyeuliza lina rangi gani. Neno hupita upesi. Picha haipiti hivyo: mwigizaji sharti awe na sura, na sura huzua maswali. Kwa msingi huo tulinganishe riwaya ya fantasia ya watoto, Charlie and the Chocolate Factory, na filamu zake.

Mwandishi wake, Roald Dahl, aliwahi kuishi Dar es Salaam, mwaka 1938 na 1939, akiitumikia kampuni ya mafuta ya Shell. Katika toleo la mwaka 1964, wafanyakazi wa kiwanda, Oompa-Loompa, ni mbilikimo Weusi kutoka misitu ya Afrika. Tajiri wao, Wonka, aliwasafirisha kwa siri ndani ya masanduku, na huwalipa mbegu za kakao.

Habari za filamu ziliposikika, NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi nchini Marekani, kilipinga. Katika filamu ya Mel Stuart ya mwaka 1971, Oompa-Loompa wakapewa ngozi ya rangi ya machungwa na nywele za kijani. Mwaka 1973 riwaya nayo ikasahihishwa: wakawa weupe, wenyeji wa nchi ya kubuni. Hapa uhawilishaji haukukifuata kitabu, uliktangulia.

Hata hivyo, kilichobadilika ni rangi. Masanduku yalibaki, na kakao ikabaki kuwa malipo. Katika filamu ya Tim Burton ya mwaka 2005, Oompa-Loompa wote wanaigizwa na mtu mmoja, Deep Roy, mzaliwa wa Nairobi mwenye asili ya Kihindi. Sura moja imezidishwa ikawa umati usio na nafsi mojamoja.

Kwa hiyo, swali la uaminifu wa filamu kwa kitabu halitoshi. Tuulize pia ni uhusiano gani umeachwa bila kuguswa. Mfasiri wa Kiswahili hatalikwepa swali hilo: mbegu zile ataziita mshahara, ujira au posho? Wazee wetu waliokwenda manamba katika mashamba ya mkonge waliijua vyema tofauti ya maneno hayo.