Haki ya Mwombaji, Usalama wa Mgonjwa

Mgonjwa hamwulizi daktari alipata alama ngapi siku alipoomba kujiunga na chuo. Huamini kwamba chuo kilimpima vya kutosha kabla ya kumkabidhi maisha ya watu. Je, kipimo kikuu kiwe wapi: wakati wa udahili, au wakati wa kuhitimu?

Swali hili lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani kutoka Chuo Kikuu cha California, Davis. Shule yake ya udaktari ilipofunguliwa mwaka 1968, miongoni mwa wanafunzi 50 hapakuwa na Mmarekani Mweusi hata mmoja. Baadaye zikatengwa nafasi 16 kati ya 100 kwa waombaji wa jamii za wachache. Allan Bakke, mhandisi Mzungu aliyekataliwa mwaka 1973 na 1974, alishtaki. Mwaka 1978 Mahakama iliamuru adahiliwe na ikakataza kutenga nafasi kwa rangi, ingawa iliruhusu rangi izingatiwe pamoja na sifa nyingine. Mwaka 2023 Mahakama hiyohiyo ilibatilisha mipango ya udahili iliyojengwa juu ya ruhusa hiyo.

Wakati wanasheria wakibishania udahili, watafiti wa Davis waliwafuatilia wanafunzi wenyewe. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 1997, uliwahusu waliodahiliwa katika miaka 20 kwa kuzingatia mambo zaidi ya alama. Wanafunzi hao walifeli masomo ya msingi mara nyingi zaidi. Maandalizi hafifu, basi, si jambo la kupuuzwa. Hata hivyo, zaidi ya asilimia 90 walihitimu, na tathmini zao katika mafunzo ya kazi baada ya shahada zilikaribiana na za wenzao.

Kwa hiyo, kumdahili mwombaji aliyetoka shule isiyo na maabara ni nusu tu ya haki. Nusu ya pili ni kuliziba pengo lake la kemia au baiolojia mapema, kabla hajaanguka. Mtihani wa kuhitimu nao uwe mmoja kwa wote.

Wahudumu wanaowasimamia wanafunzi wodini wana wajibu huohuo: anayesuasua aelekezwe kwa subira, na asiyefikia kiwango asipitishwe kwa huruma. Mgonjwa anastahili kujua kwamba kila anayemtibu amevuka kipimo kilekile.