Polisi walio wachache kazini: kwa nini wanaunda umoja wao?

Msikilizaji wetu mmoja wa Kiomboi alitutumia ujumbe baada ya kipindi cha usalama. Amesikia kwamba Uingereza askari polisi weusi wana chama chao humo humo ndani ya polisi. Anauliza: je, huo si ukabila kazini? Na sisi Tanzania tuna kitu kama hicho? Tumeona tumjibu kwa maandishi, maana jibu lake linamhusu kila anayesimama mbele ya kaunta ya kituo cha polisi.

Chama hicho kilizinduliwa London mwaka 1994. Askari weusi na wenye asili ya Asia walikuwa wakiacha kazi kwa kasi kuliko wenzao weupe. Kilichowafukuza kilikuwa zaidi namna walivyoishi na wenzao kazini: utani wa rangi wakati wa chai, majina ya kejeli, kupitwa vyeo. Askari mmoja akilalamika peke yake huonekana mkorofi. Wakilalamika wengi kwa pamoja, mkubwa hulazimika kukaa na kusikiliza.

Wakati huo London ilikuwa na jeraha. Tarehe 22 Aprili 1993, kijana mweusi aitwaye Stephen Lawrence alichomwa kisu akisubiri basi, akafa. Polisi waliivuruga kesi ile vibaya. Tume ya Jaji Macpherson iliyotoa ripoti Februari 1999 ilisema polisi wa London wana ubaguzi wa kitaasisi. Maana yake si kwamba kila askari ana chuki moyoni. Maana yake ni kwamba mazoea ya kazi, yaani namna ya kumtazama mtu, kumhoji, kumwamini au kumshuku, yamejengwa na walio wengi na yanawaumiza walio wachache. Chama cha polisi weusi kilitoa ushahidi mbele ya tume hiyo, na kilisema jambo ambalo wengi hawakulitarajia: kwamba hata wao, askari weusi, wamemezwa na mazoea hayo hayo. Kwa hiyo kuajiri watu wa rangi nyingine tu hakutoshi. Mwaka 2023 ripoti nyingine, ya Louise Casey, iliwakuta polisi wa London na ugonjwa ule ule.

Jirani zetu Kenya walichukua njia ya sheria. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 zilizoua watu 1,133, Katiba yao ya 2010 iliagiza polisi iwe na sura ya makabila na maeneo yote ya nchi.

Hapa kwetu hakuna chama cha polisi wa kabila fulani, na hatuoni kinahitajika. Askari huhamishwa: wa Mara hupangiwa Iramba, wa Iramba akapelekwa Lindi, na wote wanafanya kazi kwa Kiswahili. Katiba, ibara ya 13, inakataza ubaguzi wa kabila, dini, rangi na jinsia. Vyama vya wafanyakazi navyo havimhusu askari, kwa kuwa sheria ya ajira ya mwaka 2004 imewaweka polisi kando. Askari mwenye kilio anakipeleka kwa mkubwa wake, basi.

Lakini wachache wapo. Ni wanawake. Mwaka 2007 ulianzishwa Mtandao wa Polisi Wanawake Tanzania, ambao wengi wanaujua kwa jina la TPF-Net. Huu ndio ndugu wa karibu wa kile chama cha London. Si chama cha kugoma wala cha kudai mishahara. Ni mahali ambapo WP, kama tunavyowaita askari wa kike, wanakutana, wanafundishana na kupeleka sauti moja kwa wakubwa.

Mwananchi anafaidika vipi? Fikiria mama aliyepigwa na mumewe, anafika kituoni, anaulizwa kwa sauti kaunta nzima ikisikia: "Ulimfanya nini mpaka akakupiga?" Hilo nalo ni mazoea ya kazi. Dawati la Jinsia na Watoto lilibuniwa ili kuyavunja: chumba cha faragha, askari aliyefundishwa, mazungumzo ya taratibu. Leo nchini kuna madawati zaidi ya 400, na askari wa mtandao ule wamekuwa mstari wa mbele kuyaendesha na kwenda mashuleni kuzungumza na watoto.

Tusidanganyane, dawati ni watu. WP aliyezoea kazi akihamishwa au akienda likizo, chumba kinaweza kubaki na meza tu. Na kama walivyosema wale wa London, askari wa kike naye anaweza kuyameza mazoea ya kaunta.

Kwa upande wetu wa Iramba na Mkalama kuna jambo jingine: lugha. Askari aliyetoka mbali hajui Kinyiramba, wala hajui Kihadzabe. Bibi anayejieleza vizuri kwa lugha yake anaweza kuonekana hana la kusema. Hapo sheria ipo upande wake. Maelezo yakishaandikwa, anatakiwa asomewe kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kusahihisha au kuongeza kabla ya kuweka saini au dole gumba. Nenda naye, au mtafutie mtu anayemwamini wa kumtafsiria.

Ukifika kituoni na jambo ni la ukatili, usieleze kaunta. Sema: "Naomba kwenda Dawati la Jinsia." Fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali haiuzwi. Ukizungushwa, muulizie mkuu wa kituo, na asipokusikia, mkuu wa polisi wa wilaya. Kwa mtoto aliye hatarini, piga 116, ni bure.