Kutembelea Msitu wa Kakamega: Yale Mkazi Anapaswa Kujua Kabla ya Kuingia

Msitu wa Kakamega ndio msitu wa pekee wa mvua wa kitropiki uliosalia nchini Kenya. Ni kipande cha mwisho, upande wa mashariki, cha misitu mikubwa ambayo zamani ilienea kutoka Afrika Magharibi kupitia Kongo na Uganda. Wageni husafiri kutoka mbali kuja kuuona, ilhali wakazi wengi wanaoishi karibu nao hawajawahi kuingia kwa matembezi. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuutembelea kwa usalama na bila kuuharibu.

Sehemu mbili, wasimamizi wawili

Upande wa kaskazini, Buyangu, ni Hifadhi ya Taifa ya Msitu wa Kakamega, iliyotangazwa mwaka wa 1985. Inasimamiwa na Shirika la Wanyamapori nchini (KWS). Kufika huko, abiria hushuka kwenye barabara ya Kakamega–Webuye, karibu kilomita 18 kutoka mjini, kisha hutembea au kupanda bodaboda hadi langoni.

Upande wa kusini, Isecheno, uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu (KFS), na hufikiwa kupitia Shinyalu. Kila upande una ada na utaratibu wake, na malipo ya upande mmoja hayamruhusu mgeni kuingia upande wa pili. Ada za KWS hulipwa kupitia eCitizen, wala si kwa pesa taslimu. Mkazi abebe kitambulisho ili atozwe ada ya raia, na athibitishe viwango vya sasa kabla ya kuondoka nyumbani.

Cha kuona

Msitu una zaidi ya aina 300 za ndege, wakiwemo hondohondo na shorobo mkubwa wa buluu, pamoja na mamia ya aina za vipepeo. Mbega weusi kwa weupe na kima huonekana kwa urahisi kwenye vilele vya miti. Kisere, kipande kidogo cha msitu kaskazini mwa Buyangu, ni makao ya kima wa De Brazza, ambaye ni nadra kuonekana nchini.

Wanaopenda kutembea wanaweza kwenda kwenye maporomoko ya mto Isiukhu, au kupanda kilima cha Buyangu. Upande wa Isecheno, wengi hupanda kilima cha Lirhanda alfajiri kutazama jua likichomoza. Kwenye kilima hicho kuna shimo la zamani la kuchimbia dhahabu, ambalo sasa ni makao ya popo.

Wakati unaofaa

Miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo yenye mvua kidogo na njia zisizoteleza sana. Hata hivyo, mvua inaweza kunyesha wakati wowote wa mwaka, hasa alasiri. Ni vyema kuanza matembezi mapema asubuhi, wakati ndege na kima wanatafuta chakula na mawingu bado hayajakusanyika.

Kwa nini kuwa na mwongozaji

Ndani ya msitu, matawi huziba anga na njia za wachunga ng'ombe na waokota kuni hukatana kila mahali. Mtu asiyezijua hupotea haraka. Pia kuna nyoka wenye sumu, akiwemo swila wa msituni na nyoka wa jamii ya bafe ambaye rangi zake hufanana na majani makavu. Mwongozaji humwona mapema na hujua njia ya kurudi. Ada anayolipwa hubaki kijijini, na hivyo kuwapa majirani wa msitu sababu ya kuulinda.

Mtu akiumwa na nyoka, atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, na apelekwe hospitalini mara moja. Jeraha lisikatwe, lisinyonywe wala kufungwa kamba ya kukaza.

Yanayotakiwa kwa kila mgeni

• Vaa viatu vilivyofunika mguu na suruali ndefu. Beba koti la mvua na dawa ya kufukuza mbu.
• Usibebe chupa za maji za plastiki zinazotumika mara moja. Zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi tangu Juni 5, 2020. Tumia chupa inayojazwa tena.
• Usiwalishe kima. Kima aliyezoea ndizi za wageni hatimaye hufuata ndizi za mkulima shambani, na hasara humwangukia jirani wa msitu.
• Usiache njia. Kila njia mpya hukanyaga miche na kumfungulia mlango mkata miti.
• Usibandue gome. Mwiritsa na mutere hutafutwa kwa dawa, na mti uliobanduliwa gome pande zote hukauka.

Faida kwa wote

Mito Isiukhu na Yala hupita katika msitu huu kabla ya maji yake kufika Ziwa Victoria. Miti huzuia udongo kusombwa na huachilia maji polepole wakati wa kiangazi, jambo linalomfaa hata mkulima asiyewahi kukanyaga msituni. Shule, vikundi vya vijana na familia zinahimizwa kupanga ziara na kuwasiliana na ofisi za KWS Buyangu au KFS Isecheno mapema, hasa kwa makundi makubwa, ili waongozaji wa kutosha wapatikane.