Juu ya Fundi wa Bunduki na Kazi Iliyolipuliwa

Neno lipua lina maana mbili ambazo wanafunzi wetu huzitumia kila siku pasipo kuzilinganisha. Mtu hulipua baruti. Tena fundi hulipua kazi, yaani huifanya kwa haraka, bila uangalifu, ili apate ujira wake tu. Katika kazi ya seremala maana hizo zaweza kukaa mbalimbali. Katika kazi ya fundi wa bunduki hukutana mahali pamoja, karibu na jicho la mwenye kulenga. Kwa hiyo tumeona vema kuandika machache juu ya namna ya kumdai fundi wa kazi hiyo, kama tulivyofundishwa na mzee mmoja huku Usambara.

Bunduki si silaha ya asili milimani. Mbegha, ambaye Wasambaa humsimulia kuwa mwindaji wa nguruwe aliyepata ufalme, alitumia mikuki na mbwa. Hata Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, nguvu zake zilikuwa Vuga, juu mlimani. Ni mwanawe Semboja aliyekaa Mazinde, nyikani, penye njia ya misafara, akapata bunduki nyingi kwa biashara ya pwani. Baadaye Mapatano ya Brussels ya mwaka 1890 yalizuia silaha za namna mpya zisiingie Afrika, lakini yaliacha nafasi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya kasiba. Ndiyo sababu mojawapo gobori lilidumu kwetu muda mrefu baada ya kusahauliwa Ulaya. Lilikuja pasipo fundi wake. Likaangukia mikononi mwa mhunzi aliyezoea jembe na shoka. Jembe baya humchosha mkulima tu.

Sisi wenyewe tuliachiwa gobori la fataki na marehemu baba, tukaliandikisha kwa jina letu, likatusaidia kulinda mahindi. Kifa chake, yaani ile chuchu ya chuma ivikwayo fataki, kililika kwa kutu. Tukalipeleka kwa fundi mwenye kibali katika mji mmoja wa nyikani, tukatoa nusu ya ujira kuwa arabuni. Baada ya miezi miwili tuliarifiwa kwamba kazi imekwisha. Kitako kilikuwa kimepakwa mafuta kikameta kama kioo, nasi tukafurahi kama watoto. Tukaomba kulichukua, tukaahidi kuleta nusu ya pili baada ya kulijaribu.

Nyumbani tulimwonyesha mzee mmoja, mwindaji wa zamani. Hakuliweka begani. Alikwaruza shina la kifa kwa ncha ya kisu, akatuonyesha alama.

"Mwanangu, hiki si chuma. Ni lehemu. Mahali pa parafujo pamejazwa lehemu."

Kifa halisi hukazwa kwa parafujo katika chuma cha kasiba. Kikishikwa na lehemu tu, nguvu ya baruti yaweza kukirusha nyuma usoni mwa mpigaji.

Tulitaka kushuka kesho yake na kumwambia fundi maneno makali. Mzee alitukataza, akatuuliza ni neno gani tutakalolitumia. Nasi hatukuwa tumelifikiri. Ukimwambia fundi ameboronga, wasema hajui kazi. Ukisema amebabaisha, wasema ajua kuwa hajui, naye aficha. Ukisema amelipua, wasema ajua sana, ila hakujali. Na neno hili ndilo zito kupita yote, kwa kuwa lashtaki moyo, si mkono. Mzee alisema hatuna haja na hata moja.

Tulishuka pamoja naye. Akaamkiana na fundi kwa utaratibu, akauliza habari za watoto, kisha akalilaza gobori juu ya mkeka.

"Bwana fundi, mwalimu amekuja kumaliza deni lake. Tafadhali lishindilie, upige wewe wa kwanza."

Fundi alilitazama, akaligeuza, akasema, "Niachieni nilitazame tena." Hakuna aliyetukana, wala wanafunzi wake hawakujua lililopita. Huko Liège tangu mwaka 1672, na Birmingham tangu mwaka 1813, nyumba zilizowekwa kwa sheria hujaribu kasiba kwa baruti iliyozidishwa kabla haijauzwa. Mzee wetu hakupata kusikia habari zao, naye alidai jambo lilelile.

Hapa yafaa tuwaonye wasomaji. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 juu ya silaha na risasi yataka mwenye bunduki awe na leseni, na fundi wake awe na kibali. Ampelekeaye fundi wa mafichoni kwa sababu ya urahisi hana baraza la kumshtakia, maana mapatano yao yenyewe ni kinyume cha sheria.

Kifa kipya kilikazwa barabara, nasi tukalipa. Lakini siku ile ya kulichukua tuliona ukutani bunduki tatu za watu wengine, na penye kifa zote ziling'aa kwa ule weupe wa lehemu. Tulinyamaza, tukaogopa kuharibu amani iliyopatikana kwa adabu nyingi. Usiku hatukulala vema. Desturi ya upole hummalizia haki yake mwenye kudai. Wenye zile tatu hawakuwamo katika maamkio yetu.

Siku ya gulio iliyofuata tulirudi peke yetu, tukamwambia mbele ya wanafunzi wake, kwa neno lile zito. Alikasirika sana, akatufukuza. Bunduki mbili zilikuwa bado ukutani. Ya tatu ilikuwa imekwisha chukuliwa. Tulimwuliza jina la mwenyewe, naye hakutujibu. Ndipo tukaenda kituo cha polisi.