Salimphone: santuri za baharia wa Sur

Mji wa Sur, katika jimbo la Sharqiyah mashariki ya Oman, unafahamika Afrika Mashariki kwa majahazi yake. Manahodha wake waliteremka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, wakapanda na kusi kurejea kwao. Hata leo limehifadhiwa mjini humo jahazi la aina ya ghanja liitwalo Fath al-Khair, lililoundwa hapohapo mwaka 1951. Wachache zaidi wanafahamu kwamba baharia mmoja wa Sur aliwahi kumiliki kampuni yake mwenyewe ya santuri. Jina lake ni Salim Rashid al-Suri, na kampuni hiyo aliiita Salimphone.

Al-Suri alizaliwa mwaka 1910. Tangu ujana wake alivutiwa na udi, jambo ambalo jamaa zake hawakuliridhia hata kidogo. Katika Oman ya wakati ule hilo halikuwa ajabu. Huko bara, katika miji kama Nizwa iliyokuwa chini ya Maimamu, wanazuoni wengi wa Kiibadhi hawakuruhusu ala za muziki, na mashairi yalisikika kwa sauti za wanaume na ngoma katika michezo kama razha. Sur, kwa kuwa ni bandari, ilikuwa na uhuru zaidi. Ngoma zilizovuka bahari kutoka Afrika, ikiwemo lewa ambayo nyimbo zake zina maneno ya Kiswahili, zilipata makao katika pwani hiyo. Lakini kijana kushika udi na kuufanya kazi lilikuwa suala jingine kabisa. Al-Suri akaenda baharini, na watu wa Ghuba wakaja kumwita baharia mwimbaji.

Muziki alioupenda unaitwa sawt, yaani sauti. Ni uimbaji wa mjini wa Kuwait na Bahrain, wenye udi, makofi ya mpangilio maalumu na ngoma ndogo za mkononi ziitwazo marwasi. Asili yake inahusishwa sana na Abdallah al-Faraj, mshairi wa Kuwait wa karne ya 19 aliyeishi Bombay, mji ambao sasa unaitwa Mumbai. Ni Bombay hiyohiyo ambako Siti binti Saad alipelekwa kutoka Zanzibar mwaka 1928 kurekodi santuri za kampuni ya HMV, na ambako al-Suri naye alirekodi katika miaka ya 1930. Kwa zama hizo mwimbaji ndiye aliyeifuata mashine, hata kama ilikuwa ng'ambo ya pili ya bahari.

Mashine nayo ilikuwa na masharti yake. Upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 kwa dakika huchukua kiasi cha dakika 3 tu. Sawt katika baraza huanza taratibu, ikapanda, na kufungwa kwa kipande cha mwisho kiitwacho tawshiha, bila yeyote kuangalia saa. Kwenye santuri ilibidi wimbo ukatwe, au ugawanywe katika pande mbili, na msikilizaji asimame kugeuza sahani katikati ya utamu.

Makampuni makubwa, HMV na Odeon za Ulaya pamoja na Baidaphon ya ukoo wa Baida wa Beirut, ndiyo yaliyoamua nani arekodiwe na nini kiuzwe. Baadaye zikatokea kampuni ndogo za watu wa hapo hapo: Aden Crown, Jafferphone na Tahaphone mjini Aden, na Bouzaidphone nchini Kuwait. Hilo neno "phone" mwishoni, lililoigwa kwa wakubwa, lilikuwa kama kilemba cha heshima kwa biashara ambayo mara nyingi haikuzidi duka moja. Al-Suri, baada ya kuhamia Bahrain, aliingia katika safu hiyo na Salimphone yake. Mwimbaji akawa sasa ndiye mwenye mali, na hakuhitaji tena ruhusa ya meneja wa kigeni asiyejua sawt wala makofi yake.

Anayezisikiliza rekodi za aina hii leo husikia kwanza mchakato, kama mafuta yanayokaangwa. Inafaa kutofautisha mambo mawili. Sehemu ya kelele hiyo ni ya sahani yenyewe, iliyotengenezwa kwa gundi ngumu ya wadudu wa India ikichanganywa na unga wa mawe, na kisha kulika kwa sindano za chuma ambazo zilipaswa kubadilishwa kila upande na mara nyingi hazikubadilishwa. Sehemu ya pili ni ya chumba: watu waliokaa karibu karibu, mwimbaji, udi na makofi vikinaswa kwa pamoja, bila nafasi ya kurekebisha kosa. Ya kwanza ni hasara. Ya pili, kwa sikio lililozoea, ndiyo inayompeleka msikilizaji barazani.

Hatari iliyopo ni ya upotevu. HMV iliweka kumbukumbu za kazi zake huko Hayes, karibu na London, na ndiyo maana kampuni ya Honest Jon's ya London iliweza kutoa upya nyimbo za Baghdad mwaka 2008 na za Afrika Mashariki mwaka 2010 kutoka katika ghala hilo. Kampuni ya mtu mmoja haina Hayes yake. Kilichobaki ni kile wateja walichobaki nacho majumbani. Hali ni hiyohiyo kwa Mombasa, kwa santuri za chapa ya Mzuri zilizotolewa na duka la Assanand & Sons, na kanda za taarabu za Mbwana Radio Service. Familia zenye asili ya Ibra na miji mingine ya Sharqiyah zilizorejea Oman kutoka Zanzibar baada ya mwaka 1964, na hasa baada ya 1970, zimeishi pande zote mbili za muziki huu. Huenda sanduku moja chini ya kitanda likawa na Siti na al-Suri pamoja.

Mwenye sanduku la namna hiyo anapaswa kujua mambo machache. Sahani hizi huvunjika kama kigae, kwa hiyo zisimamishwe wima, mbali na jua. Zisichezwe kwa sindano ya santuri za kisasa, kwani mfereji wake ni mpana zaidi ya mara mbili. Karatasi ya katikati ipigwe picha, pamoja na namba zilizochorwa pembeni yake, kwa sababu mara nyingi namba hizo ndizo hati pekee ya kampuni iliyokwisha kufungwa. Na kamwe zisisafishwe kwa spiriti. Spiriti huyeyusha ile gundi, na wimbo huondoka pamoja na uchafu.

Al-Suri mwenyewe alirejea Oman mwaka 1971, mwaka mmoja baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka. Alifariki mwaka 1979.