Injini inalia lakini boda haipandi mlima? Anza na waya kabla ya kununua klachi pleti

Umebeba abiria na gunia la mahindi, unapandisha kutoka Nyamongo kuelekea Tarime mjini. Unaongeza moto, injini inalia kweli kweli, lakini pikipiki inatembea kama ng'ombe aliyetoka mnadani. Ukisimama unasikia harufu ya kitu kuungua. Hapo uwezekano mkubwa ni kwamba klachi inateleza.

Kwa vijana wa boda wa Tarime na Serengeti hili si jambo dogo. Tarime iko juu, bonde la Mto Mara liko chini, na barabara ya kwenda Mugumu inakutembeza kote kote. Klachi ikikatika usiku njiani na umebeba mgonjwa, hakuna fundi wa karibu. Na kwa anayeendesha kwa mkataba, matengenezo mara nyingi ni juu yake mwenyewe. Pikipiki ikilala gereji, hesabu ya bosi hailali.

Ndani kuna nini?

Kwenye Boxer, TVS, SanLG na Honda nyingi za hapa kwetu, klachi iko ndani ya kava la kulia la injini. Ni pleti kadhaa zilizopangwa kama slesi za mkate: moja ina vipande vya kushika, inayofuata ni chuma kitupu, halafu tena ya kushika. Springi zinazibana zote pamoja ili nguvu ya injini ifike kwenye gia. Ukibana mkono wa klachi, springi zinaachia na nguvu inakatika.

Pleti zikiisha unene, springi hazina tena cha kubana vizuri. Zinateleza, zinapata moto, zinaisha haraka zaidi.

Pima kabla ya kufungua

Kwanza angalia waya. Mkono wa klachi lazima uwe na ulegevu kidogo kabla haujaanza kuvuta. Kwa Honda nyingi ni milimita 10 hadi 20 kwenye ncha. Waya ukikazwa sana, ni sawa na kuendesha huku umebana klachi kidogo muda wote. Watu wamenunua pleti mpya kumbe tatizo lilikuwa nati ya kurekebishia waya, kitu cha dakika mbili.

Waya ukiwa sawa, weka tairi la mbele kwenye ukuta imara, ingiza gia ya pili, kanyaga breki ya nyuma, ongeza moto kidogo na uachie klachi taratibu. Klachi nzima itazima injini. Injini ikiendelea kuunguruma, inateleza. Usirudie rudie, unaiunguza mwenyewe.

Kama dalili ni kinyume chake, yaani gia ngumu kuingia, nyutro haipatikani, na pikipiki inataka kuondoka hata ukiwa umebana klachi, hiyo haiteleze, bali haiachii. Mara nyingi waya umelegea sana au pleti za chuma zimepinda.

Swali jingine: ulibadilisha oili juzi? Pleti zinaogelea kwenye oili ileile ya injini. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Tafuta maandishi JASO MA au MA2 kwenye kopo. Hicho ni kiwango cha Kijapani kwa pikipiki zenye klachi ya aina hii.

Kubadilisha

Mwaga oili, legeza waya, toa kiki, kisha fungua bolti za kava. Bolti hazilingani urefu, kwa hiyo zichomeke kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio zilivyokaa. Bolti ndefu ikiingia kwenye tundu fupi inaweza kupasua kava.

Bolti za springi legeza kidogo kidogo kwa kupishana, usimalize moja ukahamia nyingine. Toa pleti moja moja na uziweke chini kwa mpangilio uleule.

Sasa pima, usikisie. Kwenye injini nyingi za cc 125, pleti mpya ya kushika ina unene wa karibu milimita 3. Ikishuka hadi 2.6 hivi imekwisha. Pleti ya chuma iweke juu ya kioo: ikicheza, imepinda. Ikiwa na rangi ya bluu, imeungua. Springi zilinganishe na mpya, zilizofupika zimechoka. Angalia pia kikombe kinachobeba pleti, kama kingo zake zimechimbika.

Wapo wanaopiga msasa pleti za zamani au kuongeza washa chini ya springi. Itakufikisha nyumbani, sikatai. Lakini unene hauongezeki kwa msasa, na washa zinafanya mkono uwe mgumu na waya ukatike mapema. Badilisha pleti zote na springi zake kwa pamoja.

Pleti mpya zisifungwe kavu. Ziloweke kwenye oili safi, ikiwezekana usiku kucha, la sivyo zinaungua siku ya kwanza tu. Kaza bolti za springi kwa kupishana, bila kutumia nguvu za kuvunja. Zimeshikwa na aluminiamu. Weka gasketi mpya, na silikoni usipake kama siagi, maana vipande vyake vinaweza kuziba njia ya oili.

Kwa nini zinaisha haraka huku kwetu?

Mlima na mzigo vina sehemu yao, lakini kinachomaliza zaidi ni vidole kukaa kwenye mkono wa klachi muda wote, na kuishikilia pikipiki kwenye mwinuko kwa nusu klachi badala ya breki. Kupandisha na gia kubwa kwa kutegemea klachi nako kunaua. Shusha gia mapema.

Ukimaliza kufunga, weka oili kwa kipimo cha kitabu, rekebisha waya, na siku mbili za kwanza usibebe mizigo mizito milimani. Baada ya hapo pima tena ulegevu wa mkono, kwa sababu pleti mpya zikishakaa, waya hubadilika kidogo.