Koili na utambi wa vepu: waya wa jiko bovu unafaa?

Wiki iliyopita mzee mmoja wa Horohoro alitutumia ujumbe. Kijana wake ni utingo wa malori, na amerudi nyumbani na sigara ya umeme, ile ambayo vijana wanaiita vepu. Ni ya aina inayofunguliwa, mwenyewe anafunga koili na kuweka pamba. Koili imeungua, duka la vipuri hivyo halipo karibu, na kijana anataka kukata waya wa jiko la umeme lililokufa. Mzee anauliza: kuna hatari?

Hatari ipo. Tueleze taratibu ili aliye na kifaa hiki ajue anachokifanya, na mzazi naye ajue anachokiona.

Ni kibatari cha umeme

Kibatari kina utambi unaovuta mafuta ya taa hadi kwenye moto. Vepu nayo ina utambi, ila ni wa pamba, na unavuta maji maalumu yenye nikotini. Badala ya moto kuna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa kama springi. Betri ikiusukumia umeme, waya unapata moto, maji yanageuka mvuke, na mtu anavuta.

Hesabu ya kwanza ni ya betri

Kila waya una ukinzani, yaani ugumu wa kupitisha umeme, na unapimwa kwa omu. Ukinzani ukiwa mdogo, betri inalazimika kutoa umeme mwingi zaidi. Hesabu yake ni nyepesi: gawa volti kwa omu, utapata ampea.

Betri ya duara aina ya 18650 ikijaa ina volti 4.2. Ukiifungia koili ya omu 1, itatoa ampea 4.2. Koili ya omu 0.5 itadai ampea 8.4. Ukishuka hadi omu 0.1 inadaiwa ampea 42, na huo ni mzigo usiobebwa salama na betri yoyote ya ukubwa huo. Itachemka, na inaweza kulipuka mkononi au karibu na uso.

Betri nyingi zinazotolewa kwenye pawabenki, taa za sola na kompyuta hazikutengenezwa kwa mzigo mkubwa wa namna hii. Usizihamishie kwenye vepu. Na betri ambayo nailoni yake ya nje imechanika, au inayotembea mfukoni pamoja na sarafu na funguo, ni ya kuogopwa hata kabla haijatumika.

Vifaa vingine vina saketi ya ulinzi inayokataa kuwaka koili ikiwa na kasoro. Vingine ni bomba, betri na kitufe tu, bila ulinzi wowote. Kwa anayejifunza, cha pili hiki si cha kugusa.

Kuchagua waya

Waya unaofaa huuzwa ukiwa umeandikwa jina na unene wake. Wa kawaida ni kanthal, ambao ni mchanganyiko wa chuma, kromiamu na alumini. Upo pia nikromu na chuma kisichoshika kutu.

Kumbuka mambo matatu. Mizunguko ikiongezeka, omu zinaongezeka. Waya ukiwa mnene, omu zinapungua. Ukifunga koili mbili zinazofanana pamoja, omu zinabaki nusu. Mfano: kanthal ya milimita 0.4, mizunguko 6 juu ya keekee ya milimita 3, inatoa takriban omu 0.8 hadi 0.9. Hapo betri nzuri haiteseki.

Sasa waya wa jiko bovu. Huenda kweli ni nikromu au kanthal, lakini hujui ni upi, una unene gani wala umeliwa na moto kiasi gani. Usichokijua huwezi kukipigia hesabu. Waya wa mota ni mbaya zaidi: ni shaba yenye omu ndogo sana, na vanishi yake ikiungua unaivuta kifuani. Waya wa seng'enge umepakwa zinki, na moshi wa zinki ni sumu.

Kabla ya kuweka betri, pima koili. Fundi simu wa kijijini ana mita, mwombe akusaidie, ingawa mita nyingi za kawaida hukosea kidogo kwenye omu ndogo. Angalia pia ncha za waya zisiguse ukuta wa chombo. Zikigusa, ni shoti.

Kuweka utambi

Tumia pamba safi isiyo na dawa wala manukato. Sufi ya mto haifai, kwa sababu ina nta inayofukuza maji. Pamba ipite ndani ya koili kwa kuvutwa kidogo, bila kuipinda koili. Ikibana sana, maji hayafiki katikati na pamba inaungua. Ikilegea sana, maji yanavuja. Iloweshe kabisa na usubiri dakika chache kabla ya kuwasha.

Ukionja uchungu wa kuungua, acha papo hapo ubadilishe pamba. Maji yale yakichemshwa kupita kiasi hutoa kemikali kama formaldehaidi, zinazoumiza mapafu.

Neno kwa mzazi na kwa dereva

Koili nzuri haiondoi madhara ya nikotini. Nikotini inaleta uraibu, na haifai kwa vijana wadogo wala mama mjamzito. Chupa ya maji yake ifungiwe mbali na watoto. Mtoto akinywa, au yakimmwagikia mwilini, mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa maji mengi, mkimbize hospitali na ubebe chupa ili mganga aione.

Na wewe unayevuka Horohoro kwenda Lunga Lunga hadi Uganda, jua kwamba sheria ya tumbaku ya Uganda ya mwaka 2015 inakataza kuingiza na kuuza sigara za umeme.

Kwa hiyo mzee wetu, jibu ni hili: waya wa jiko ubaki kwenye jiko. Na kijana akiwa tayari kuiacha kabisa kwa kuwa koili imeungua, msimhimize kutafuta nyingine.